Kompyuta ya Alhamisi

Mami,

Sijawahi kukuandikia barua, Shiru, kwa sababu hujawahi kukaa mbali nami, ukiacha zile likizo za Mau Narok kwa nyanya yako, na huko hata barua usingesoma, ulikuwa na kazi ya kumaliza viazi vya wenyewe. Kwa hiyo nivumilie. Mkono wangu umezoea spana, na kalamu hii nimeiazima kwa Oti, fundi wetu, inaandika ikipenda.

Mambo ya blanketi, ya kufunga mlango na ya vile watu wa Kitale walivyo, mama yako amekwambia wiki nzima na bado hajamaliza. Nimewaacha nyumbani mkibishana kuhusu sufuria, nikajifanya nimesahau kitu garajini. Sijasahau kitu. Nimeteremsha mlango nusu, nimeketi kwenye kile kiti tulichong'oa kwa gari la mwalimu, na nina jambo moja tu la kukwambia. Ulipokuwa kidato cha pili nilikutamkia neno ambalo baba hamtamkii mtoto wake, na mpaka leo hatujawahi kulizungumzia. Kesho unapanda basi. Sitaki uende nalo.

Lakini ngoja nianze na kompyuta yako, maana jana nimeishika kutwa nzima na najua ulikuwa unajiuliza huyu mzee anaiharibu vipi.

Ulituambia mezani kwamba kampuni iliyokuajiri huko Kitale itakupa vitabu vyote vya kutengeneza malori yao kwa intaneti, unabonyeza tu. Sawa. Mimi ni mkaidi, unanijua. Nikasema binti yangu haendi ugenini bila vitabu vya kwao. Nikachukua ile diski ya nje ya kaka yako Kevo, ile iliyofungwa na mpira, nikamwambia Oti leo nitaweka mwenyewe, asiguse.

Wewe unajua vile inavyofanywa, lakini acha nikueleze, nijisikie msomi. Mle ndani kuna mafaili makubwa, na kila faili ni diski nzima ya vitabu vya magari, ila diski yenyewe haipo. Unaiambia kompyuta kuna diski imeingizwa. Inaamini. Inakuonyesha herufi mpya pale, kana kwamba umefungua trei ukaweka kitu, na trei haijasonga. Kevo alinieleza hivyo mara nyingi. Mimi nilimjibu kwamba habari za kuamini kitu kisichoonekana niliziacha kanisani, na mama yako akaninunia.

Basi nikahangaika. Kwanza nilifungua faili la magari madogo nikidhani ni la malori. Kisha ile programu ya kuzuia virusi ikala kipande kimoja, nikawa natafuta kilipoenda. Nikaanza tena. Oti alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kufikia jioni ilikuwa imekubali, imemaliza kujipakia, na ikabaki ile hatua ya mwisho ambayo wewe na mimi tunaijua kuliko mtu yeyote hapa Bondeni: kurudisha tarehe nyuma kabla ya kuifungua mara ya kwanza. Nitarudi hapo.

Ulikuwa mdogo sana wakati Kevo alileta hivi vitabu, sijui unakumbuka nini. Mimi nilikuwa fundi wa sikio. Gari likinguruma nilijua linaumwa wapi. Halafu yakaanza kuja haya magari yenye taa ya manjano kwa dashibodi, hayangurumi, hayasemi, na wateja wakaanza kunipita wakienda mbele kwa vijana wenye mashine. Kevo alikuwa amemaliza shule, anakaa hapa ananiangalia nikidanganya watu kwamba nitaliangalia kesho. Hakuniaibisha. Alivuka barabara tu, akaenda pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia, akapatana na mwenyewe amwachie kompyuta moja ivute vitabu hivi kwa intaneti usiku kucha wakati hakuna watu.

Vilikuja vipande vipande. Kipande kimoja kikiharibika, vyote vinakataa, anaanza upya. Miezi. Nilikuwa namwona akivuka barabara na flashi mfukoni, anarudi, anavuka tena, na mimi badala ya kumshukuru nilikuwa namtania mbele ya wateja kwamba nimezaa karani. Alicheka. Wewe ndiye ulikasirika, ukaniambia Kevo si karani. Hilo nalikumbuka.

Vikakubali siku ya Alhamisi. Aliniita nikaangalie, nikasema nina mafuta mikononi. Jioni hiyo hiyo dereva mmoja mteja wetu wa miaka akapiga simu, lori lake la mahindi limeshika breki pale mteremko wa Sachangwan, halisongi mbele wala nyuma. Kevo akaketi pale na vile vitabu vyake vipya, akafungua kurasa za breki za upepo za lori lile, akazisoma mpaka mama yako akaleta chakula hapa hapa.

Ijumaa asubuhi alitaka kwanza kungoja saiba ifunguliwe, aprinti mchoro mmoja aende nao. Nilikuwa nimeamka vibaya. Nilimwambia hivi, na maneno haya nayajua kuliko jina langu: "Umekaa na hiyo kompyuta miezi. Breki haziprintiwi. Chukua spana uende." Akachukua spana akaenda.

Lile lori alilitengeneza, mami. Dereva alikuja kwa matanga akaniambia. Hakuhitaji mchoro, alikuwa nao kichwani. Alikuwa amemaliza, amesimama kando ya barabara anafuta mikono kwa kitambaa, trela ikakosa breki kwenye ule mteremko ikatoka barabarani. Dereva alidhani ananifariji akiniambia kazi ilikuwa imekwisha. Mimi nilisikia jambo lingine. Nilisikia kwamba angeingoja saiba ifunguliwe, aprinti karatasi yake, abishane kidogo na yule kijana kuhusu wino, ile trela ingekuwa imepita zamani, ikaangukia mahindi ya watu wengine au isiangukie chochote. Ningemwachia tu hiyo karatasi. Huo ndio wimbo niliolala nao miaka yote hii, na mama yako anadhani ni tumbo.

Siku tulipofungua garaji tena baada ya mazishi, niliwasha kompyuta yake. Sikujua kuitumia, nilitaka tu kuona alikuwa anaona nini. Unajua vile ile programu inakuorodheshea pembeni kurasa zilizofunguliwa mwisho, na juu yake inakwambia zilifunguliwa lini. Zilikuwepo zote. Breki za upepo, vali, mabomba. Na juu yake imeandikwa wiki iliyopita.

Nikamwuliza Oti tarehe inabadilishwa wapi. Akanionyesha. Nikairudisha mpaka ile Alhamisi, nikafungua tena, na ile programu ikasema kwamba kurasa hizo zimefunguliwa leo. Leo, mami. Kompyuta inakwambia kijana wako alikuwa hapa leo, kazi ameiacha wazi, labda ametoka kwenda haja. Nilikaa pale mpaka Oti akaja kuniuliza kama nitafunga mlango au afunge yeye.

Kesho yake ikasema jana. Nikairudisha tena. Na tena. Mwaka ulipoisha, muda wa leseni ya programu ukaisha nao, na kweli ikawa haifunguki bila tarehe kurudishwa, nikapata kisingizio cha kuwaambia watu. Lakini Kevo alikuwa ameniambia mapema tarehe yoyote ya nyuma ingetosha, uiache iende miezi kadhaa ndipo uirudishe. Ni mimi niliyetaka kila siku iwe Alhamisi. Mafundi wakifungua ukurasa wa gari lingine, jioni nilifuta jina la huo ukurasa ili za Kevo zisisukumwe zikatoka. Walidhani ni uchoyo. Ijumaa ikawa haifiki kwa hii garaji, na hii familia haikupita Sachangwan tena. Harusi zote za Eldoret tulizunguka Ravine, nikawaambia ni msongamano. Mama yako alijua. Alifunga tu macho garini.

Sasa lile neno.

Ulikuja hapa garajini wakati wa likizo, ulikuwa umejifunza kompyuta shuleni, unataka kunisaidia. Ukaiunganisha ile kompyuta na intaneti ya simu. Ikajirekebisha yenyewe, ikaleta tarehe ya kweli, ile programu ikajifunga. Ukaja kuniambia ukicheka kwamba saa ya hiyo mashine ilikuwa imepotea miaka na wewe umeirekebisha. Mbele ya Oti, mbele ya wateja waliokuwa wanangoja magari yao, nikakwambia, "Sasa umemuua."

Nilisema hivyo. Sitafuti maneno mengine. Ulikuwa na kile kisweta cha shule kilichotoboka kiwiko, uso ukakauka, ukaweka simu mezani polepole ukaenda nyumbani. Yule kijana wa saiba alikuja akaifungua jioni hiyo hiyo, na kurasa zote zilikuwepo, haikupotea hata moja. Ningekuja kukwambia. Nilikuja nyumbani, nikakuta umelala au unajifanya umelala, nikasema kesho. Na unajua kesho ilikuwa siku gani kwangu.

Sasa sikiliza nilichokuwa nakificha, maana hata mama yako sijamwambia. Kama wiki chache baada ya hapo, nilikuja hapa asubuhi, nikawasha ile kompyuta nianze kuirudisha, nikakuta tayari ni Alhamisi. Nikadhani nimechanganyikiwa. Kesho yake vile vile. Nikaijaribu. Jioni nikaiacha Ijumaa kwa kusudi, nikaizima mwenyewe, nikafunga mlango mwenyewe. Asubuhi ikawa Alhamisi.

Mami, sikumwuliza mtu. Ningeuliza, ningejibiwa. Nilichagua kuamini ni yeye. Mzee mzima, mwenye kucheka kanisa, nikaanza kuja hapa asubuhi nikiwasha ile mashine na kuiambia, "Umeamka?" Nikaanza kukiacha kile kiti cha pili wazi, mteja akitaka kukikalia namwambia kimevunjika. Na nilikuwa na furaha, hiyo ndiyo inanitisha nikikumbuka. Nilikuwa nafurahi kwenda kazini. Nilitembea kutoka nyumbani nikiharakisha, kwa sababu kuna mtu alikuwa ananirudishia siku.

Jana, basi, kompyuta yako iko tayari. Bila kufikiri, mkono ukaenda wenyewe, nikaiweka ile Alhamisi. Nikafungua programu. Nikaangalia pembeni, pale kwenye orodha.

Hakuna kitu. Imeandikwa hakuna ukurasa uliofunguliwa. Ni wazi hakungekuwa na kitu, kompyuta ni yako, imenunuliwa juzi, Kevo hajawahi kuigusa. Hata Oti angeniambia. Lakini mimi nilishtuka kama mtu aliyeingia nyumba yake akaikuta imehamwa. Ile ile programu, ile ile Alhamisi, na mtoto wangu hayumo. Nikafunga, nikafungua. Nikafunga tena.

Oti alikuwa ameacha kucheka. Alivuta tairi lake karibu, akaniambia, "Mzee, Shiru ameniomba jambo, na mimi siliwezi. Ati akienda niwe nakuja mapema, nairudisha hiyo saa kabla hujafika. Amenionyesha vile huwa anafanya."

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu kidato cha pili.

Nitakwambia ukweli, kwanza nilikasirika. Nilitaka kuja nyumbani nikufokee mara ya pili. Umenichezea miaka yote hii, umenifanya mjinga naongea na mashine. Nilifika mpaka pale kwa muuza mahindi ya kuchoma ndipo nikasimama. Kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona. Asubuhi zile zote nilizokuwa nikiingia hapa na kusema "Umeamka?", kulikuwa na mtu nyuma yangu na fagio. Alikuwa amekuja kabla yangu, na baridi ile ya Julai, na sare ya shule, amefungua hili kufuli zito. Nilidhani unakuja kufagia. Hata nilikusifu kwa mama yako kwamba huyu msichana anapenda usafi. Sikuwahi kugeuka nikauliza kama wewe umeamka.

Nilikwambia umemuua, na wewe ukaanza kumrudisha kila asubuhi. Mtoto wa miaka kumi na nne. Na ukaendelea mpaka chuo, mpaka juzi, na ungetafuta mtu wa kuendelea baada yako. Nilikuwa najiambia nyumba hii ina mzimu na kumbe nyumba hii ina mtoto.

Sijui unaombaje msamaha wa kitu kama hicho. Naomba tu. Nimemwambia Oti pia, kwa sababu alikuwepo siku ile na aliyasikia, nikamwambia nilichokisema kilikuwa uongo. Aliinama akaanza kutafuta nati ambayo haikupotea. Wale wateja siwezi kuwatafuta wote.

Sina mawaidha mengi. Huko Kitale utakutana na mafundi wakubwa, wengine watakufokea kwa sababu wewe ni msichana na wengine kwa sababu ya mke aliyewaudhi asubuhi. Mtu akikufokea kupita kosa lenyewe, jua kuna mwingine anafokewa hapo na wewe umesimama tu mahali pake. Usikubali kuwa huyo mtu. Mimi siku ile nilikuwa namfokea mtu aliyemnyima kijana wake karatasi moja, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Na ukimwona mtu anajua kitu ambacho wewe hujui, angalia siku hiyo hiyo anapokuita. Hata ukiwa na mafuta mikononi. Mikono huoshwa.

Leo, kabla sijaanza kuandika, nimewasha ile kompyuta ya hapa. Ilikuwa Alhamisi, umekuja asubuhi hata siku yako ya mwisho, na Jumapili yenyewe, kabla ya kanisa. Nimezisoma kurasa zake zote, moja baada ya nyingine, mara ya kwanza maishani nimezisoma kweli, na alikuwa na haki ya kuutaka, ule mchoro wa vali ni mzuri sana. Kisha nikanunua bando la intaneti, nikaiunganisha na simu yangu. Wewe ulifanya bila kujua. Mimi nimefanya nikijua. Ilifikiri kidogo, tarehe ikaruka, programu ikajifunga. Hakuna aliyekufa hapa. Nilikaa nikingoja, nikasikia tu maji yanatiririka kwa mtaro na mwanamke wa jirani anaita watoto wake waoge. Yule kijana wa saiba sitamwita aje kuifungua.

Ya kwako pia nimeiacha na tarehe ya kweli. Vitabu vimo, nimevipakia kwa jasho langu, lakini havitafunguka. Ukivihitaji siku moja, chagua tarehe yako mwenyewe. Ile usiiweke.

Kuna jambo la mwisho. Nilikuwa nimekukatia gari la kupitia Ravine, kama kawaida yetu. Nimeenda jioni hii nikabadilisha. Utapita barabara kubwa, na mimi nitapanda nawe. Mama yako nimemwambia nakusindikiza kidogo, akaniangalia sana, akasema nibebe koti.

Sijawahi kufika pale. Mwili tuliuchukua mochari, na mimi ni baba mtu. Sijui panafanana vipi, sijui kama kuna nyasi. Nitashuka Sachangwan, nitakupa barua hii kwa dirisha, na basi litaondoka. Utakapofika mstari huu nitakuwa nimebaki nyuma, nimesimama kando ya barabara mahali alipokuwa amesimama. Utataka kumwambia dereva asimame. Nakujua. Usimwambie.

Hukumuua, Shiru. Hukuwa na kazi ya kumrudisha. Mimi nitakaa naye hapa kidogo, halafu nitatafuta gari la kurudi Nakuru, nifungue garaji, siku ya Jumatatu.

Baba yako